Padiri aliyeingia maki: vitabu vya Mudimbe vikusanywe

Huku kwetu Fizi na Baraka, ukisema "vita ya Mulele", wazee hawakuulizi mwaka. Ni 1964 na 1965, wakati Che Guevara alivuka ziwa na kukaa na waasi milimani kwetu miezi karibu saba. Nyuma yake maki ya Laurent Kabila ikabakia Hewa Bora miaka mingi, na dhahabu ya huku ilisaidia kuilisha. Hayo yote tumeyapata kwa mdomo wa wazee. Ndani ya riwaya, yule aliyeonyesha vizuri moyo wa mtu anayeingia maki alikuwa mtoto wa Likasi, mji wa shaba: V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa 1941 na kufariki Marekani mwezi wa Aprili 2025.

Kitabu chenyewe kinaitwa Entre les eaux, kilitoka Paris 1973. Pierre Landu ni padiri, amesoma mpaka Roma, anaona Kanisa linakula pamoja na wenye nguvu. Anaacha parokia, anaenda kwa waasi. Kule porini hawamwamini, juu ni padiri. Yeye naye hajiamini. Anaandikia askofu wake barua, barua inakamatwa, na hapo anakuwa msaliti.

Nani kwetu hana ndugu aliyewahi kuingia pori? Akirudi, jirani wanamwangalia vibaya. Akibakia, wakubwa wake wanamwangalia vibaya. Landu ni huyo huyo, tofauti amevaa kanzu.

Tuseme ukweli, Mudimbe si mwepesi. Hadithi yake haiendi kama njia ya Baraka kwenda Fizi. Mtu anawaza, anarudi nyuma, anajiuliza, anajijibu, tena anakataa jibu lake. Wengine wanaacha kwenye ukurasa wa kumi. Sisi tunaona ni hivyo kichwa cha mtu kinavyofanya kazi usiku, akiwa na woga.

Riwaya zake ni nne tu. Le Bel Immonde (1976) ni ya waziri na msichana wa baa ambaye waasi wanamtuma kumpeleleza. L'Écart (1979) ni daftari la kijana mwanahistoria. Shaba deux (1989) ni daftari la sista wakati wa vita ya Kolwezi, 1978. (Na jina lake? Mobutu alipokataza majina ya kizungu, Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Herufi V. Y. hazikuhama.)

Tatu za kwanza zilitafsiriwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha inayosemwa Likasi, Kolwezi na hapa, hatujaona hata moja. Vitabu vyake mwenyewe vya kusoma alivitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, lakini kutoka Misisi kwenda Lubumbashi ni safari ya siku mingi na pesa mingi. Tunachoomba kwa wachapaji ni kidogo: riwaya zote nne pamoja, kwa bei ya mchimbaji, na tafsiri ya Kiswahili chetu.

Tukingoja, mwalimu mwenye kujua Kifaransa anaweza kuanza na Shaba deux. Imeandikwa siku kwa siku. Anaweza kutafsiria watu siku moja kila jioni, wakishatoka shimoni na kunawa.