Risiva ya juu ya AR-15 kwa bajeti ndogo: Wapi ubane hela, wapi usibane

Moja inauzwa dola 250, nyingine dola 900. Kwenye picha zote ni nyeusi, zote zina mtutu wa inchi 16, zote zinaitwa "risiva ya juu ya AR-15". Sasa tofauti ya dola 650 inatoka wapi?

Hilo ndilo swali la kila mtu anayeishi Marekani akitaka kuunda au kufufua bunduki yake bila kumaliza mshahara. Wapo Waswahili wengi kule wenye makaratasi yao kamili, wanaokwenda kuwinda au kulenga shabaha wikiendi kama majirani zao. Na kosa kwenye ununuzi huu linaweza kugharimu zaidi ya hela. Linaweza kugharimu jicho, au kukupeleka mahakamani.

Twende hatua kwa hatua.

Risiva ya juu ni kitu gani?

AR-15 ilibuniwa miaka ya 1950 na Eugene Stoner akiwa kampuni ya ArmaLite. Herufi AR zinatokana na jina la kampuni hiyo. Mwaka 1959 ArmaLite iliuza haki zake kwa Colt. Hataza zilipokwisha muda wake miaka ya 1970, viwanda vingine vikaruhusiwa kutengeneza. Ndiyo maana leo kuna matoleo kibao na bei za kila namna.

Bunduki hii inafunguka vipande viwili vikubwa vinavyoshikwa na pini mbili. Kipande cha chini kina kifyatulio, kitako na tundu la magazini. Kipande cha juu kina mtutu, bolti, bomba la gesi na kishikio cha mbele.

Kwa maneno mengine, chini ndiko unakoshika, juu ndiko risasi inakolipuka.

Kwa nini inaletwa na posta hadi mlangoni?

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, "bunduki" ya AR-15 ni kile kipande cha chini. Ndicho chenye namba ya usajili, na ukinunua dukani lazima ujaze fomu na uchunguzwe rekodi zako. Kipande cha juu kinahesabika kama kipuri tu. Unaagiza kama unavyoagiza viatu.

Lakini usikimbilie kubonyeza "nunua". Majimbo kama California, New York, New Jersey, Maryland na Illinois yana sheria zake kali kuhusu bunduki za aina hii. Angalia sheria ya jimbo lako kwanza.

Na kama upo Marekani kwa viza ya muda, mfano ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida hairuhusu umiliki silaha wala risasi. Kuna misamaha michache, kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, mradi hana kikwazo kingine cha kisheria.

Mtego wa kwanza: bei isiyo kamili

Hapa ndipo wengi wanaliwa. Tangazo linasema dola 230, unafurahi, mzigo unafika, unafungua boksi: hakuna bolti, hakuna mkono wa kukokia.

Risiva za juu zinauzwa kwa hali tatu. Kuna gamba tupu la aluminiamu. Kuna iliyofungwa mtutu lakini haina bolti. Na kuna iliyokamilika, ya kuchomeka pini na kwenda uwanjani.

Bolti na mkono wa kukokia vinaweza kuongeza dola 100 hadi 200. Kwa hiyo ile ya 230 inaweza kuishia kuwa ghali kuliko ya 350 iliyokamilika. Soma orodha ya vilivyomo, usiishie kwenye picha.

Halafu hakikisha ni ya AR-15 kweli. Risiva za familia ya AR-10, zinazotumia risasi kubwa kama .308, haziingiliani na kipande cha chini cha AR-15.

Usibane hela hapa: bolti

Risasi ya .223 Remington ikilipuka, shinikizo ndani ya chemba linaweza kufika pauni 55,000 kwa kila inchi ya mraba. Kinachozuia nguvu hiyo isirudi nyuma ni meno madogo ya bolti. Na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo.

Angalia vitu vitatu kwenye maelezo ya bidhaa. Kwanza, aina ya chuma: Carpenter 158 ndicho cha kiwango cha jeshi, na 9310 kinakubalika kikitengenezwa vizuri. Pili, kama bolti imepimwa kwa risasi ya shinikizo kubwa na kukaguliwa nyufa kwa njia ya sumaku. Tatu, skrubu mbili za juu ya kibeba bolti: chuma cha pembeni yake lazima kiwe kimegongwa na kubonyezwa ili zisilegee. Zikilegea, gesi inavuja na bunduki inaanza kukwama.

Kama muuzaji hasemi lolote kuhusu mambo haya, usisite kumuuliza. Akikosa jibu, hamia kwa mwingine.

Usibane hela hapa: chemba na mtutu

Ubavuni mwa mtutu kumeandikwa kaliba. Soma kabla ya kununua risasi hata moja.

Risasi ya 5.56 NATO na ya .223 Remington zinafanana kwa macho, ila chemba zake si sawa. Chemba ya 5.56 inapokea zote mbili. Chemba ya .223 Remington haifai kwa risasi ya 5.56, maana shinikizo linaweza kuzidi. Ipo pia chemba ya .223 Wylde, iliyobuniwa kupokea zote mbili. Kwa mwenye bajeti ndogo, chagua 5.56 au Wylde, uweze kununua risasi yoyote ya bei nafuu utakayokuta dukani.

Hatari kubwa zaidi ni .300 Blackout. Inatumia magazini zile zile na bolti ile ile. Risasi yake inaweza kuingia kwenye chemba ya 5.56, lakini kichwa chake ni kinene kuliko tundu la mtutu. Ukifyatua, bunduki inapasuka mkononi. Kama nyumbani kuna bunduki za kaliba zote mbili, weka alama kwenye magazini na usihifadhi risasi pamoja.

Kuhusu mtutu wenyewe, tafuta chuma cha 4150 au 4140, uliopakwa kromu kwa ndani au kutibiwa kwa naitraidi. Naitraidi ndiyo nyingi kwenye mitutu ya bei nafuu, na kwa matumizi ya kawaida inatosha kabisa kupambana na kutu.

Mfumo wa gesi: kitu kidogo chenye faida kubwa

AR-15 inachukua gesi kidogo kupitia tundu kwenye mtutu, ndiyo inayosukuma bolti nyuma na kutupa ganda. Kwenye mtutu wa inchi 16 utakutana na mfumo mfupi na mfumo wa kati.

Mfumo wa kati una tundu lililo mbele zaidi, hivyo gesi inakuwa imepungua nguvu kidogo inapotoka. Bunduki inapiga teke polepole na bolti inachakaa taratibu. Mfupi nao unafanya kazi, usiogope. Ila kama bei zinakaribiana, chukua wa kati.

Hapa sasa bana

Kishikio cha mbele cha plastiki kinapoza mkono sawa na cha aluminiamu cha dola 200. Utabadilisha siku ukipata hela.

Mkono wa kukokia wa kawaida unakoki vilevile. Kitufe cha pembeni cha kusukumia bolti nacho si cha lazima: M16 za mwanzo za Jeshi la Anga la Marekani hazikuwa nacho.

Rangi, michoro ya kuchonga na jina kubwa la kampuni? Hivyo ni vya kupigia picha. Gamba la aluminiamu ya 7075 iliyofuliwa ndilo linalotumika sana, la bei rahisi hadi la bei mbaya.

Nunua kamili au unda mwenyewe?

Kwa anayeanza, nunua iliyokamilika, bolti na mtutu kutoka kiwanda kimoja. Sababu ni usalama. Nafasi kati ya uso wa bolti na ganda la risasi lazima iwe sahihi kabisa. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka ndani.

Ukichanganya bolti ya huku na mtutu wa kule, peleka kwa fundi bunduki akapime kwa geji zake kabla ya kufyatua. Ni hela kidogo ukilinganisha na bili ya hospitali.

Inchi 16 si mapambo

Utaona risiva za inchi 10.5 au 11.5 zinauzwa bei poa. Zinavutia, ila kaa chonjo. Bunduki ya kitako yenye mtutu chini ya inchi 16 inaangukia kwenye sheria ya silaha ya shirikisho ya mwaka 1934. Lazima upate idhini na usajili wa ATF, mamlaka inayosimamia silaha, kabla ya kuiunganisha. Ukiruka hatua hiyo, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Kwa mhamiaji, kesi kama hiyo inaweza kuhatarisha na makaratasi yake.

Na usiitume nyumbani

Kule Marekani ni kipuri, lakini kuvuka nacho mpaka ni habari nyingine. Kutoa sehemu za bunduki nje ya Marekani bila leseni inayotakiwa ni kosa la jinai. Huku kwetu nako, Kenya na Tanzania zina sheria kali za silaha, na "nilidhani ni spea tu" si utetezi. Usiweke kwenye kontena la ndugu, na usikubali kubeba bahasha ya mtu usiyoijua ndani kuna nini.

Kabla ya kulipa, jiulize

- Bolti na mkono wa kukokia vimo?
- Kaliba iliyoandikwa ni ipi, na risasi zake nazipata kwa bei gani?
- Bolti imepimwa na kukaguliwa?
- Mtutu unafika inchi 16?
- Jimbo langu linaruhusu?
- Kuna waranti, na nani analipia usafirishaji wa kurudisha?

Ukipata majibu mazuri kwa yote sita, ile ya dola 350 itakufaa kwa miaka mingi. Hela iliyobaki, nunua miwani, vizuia kelele vya masikio na kabati lenye kufuli. Hasa kama nyumbani kuna watoto.