Mafuta Kidogo kwa Vumbi la Same

Mwenye bastola akiona inasita, haraka yake ni kuimwagia mafuta. Huku Same, mara nyingi mafuta hayo ndiyo yaliyoiponza.

Upepo wa baharini humwaga mvua upande wa mashariki wa milima ya Upare, ndiyo maana tangawizi inastawi Mamba Miamba. Ukishafika upande wetu wa magharibi umekauka, na ardhi inabaki ya miiba na vumbi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha bastola. Chembe kavu hupukutika. Zikikuta mafuta hunata, na kila sleidi inaporudi nyuma zinakwangua chuma kama msasa.

Mahali pa kuogopa zaidi ni penye pini ndogo inayogonga fataki ya risasi. Pini hiyo hukimbia ndani ya kijitundu chembamba. Mafuta yakiingia humo huvuta masizi ya baruti na nyuzi za nguo, kisha hugeuka ulimbo. Pini inapoteza kasi, inagonga kwa unyonge, na fataki inabaki na alama ya kuguswa tu. Likikutokea hilo, elekeza mtutu mahali salama na usubiri nusu dakika kabla ya kuitoa risasi, kwa kuwa inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Kijitundu hicho kiachwe kikavu kabisa.

Mfanyabiashara anayepanda milimani na fedha kununua tangawizi ana shida nyingine. Asubuhi yuko kwenye joto, bastola imelowa jasho la kiunoni, na jasho ni chumvi. Jioni yuko kwenye ukungu wa baridi, na chumvi ile inanyonya unyevu. Kutu huanzia asipopaona: kwenye springi za magazini na chini ya ndoana inayovuta ganda. Mfuko wa ngozi nao hushika maji na kuyagandamiza kwenye chuma, kwa hiyo bastola isilale humo. Ukishuka, ifute siku hiyo hiyo.

Kabla ya kusafisha, toa magazini, vuta sleidi, tazama chemba, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zipeleke chumba kingine. Mswaki wa zamani na kitambaa kisichoacha nyuzi vinatosha kwa masizi na vumbi. Mafuta ya bunduki, tone moja moja, yaguse reli za sleidi na sehemu ya nje ya mtutu inayosuguana nayo. Halafu futa mpaka ubaki utando tu. Oili chafu ya gari naikataa kabisa: ina vumbi la vyuma vya injini, na mtu anayeipaka anaiingizia silaha uchafu ule ule anaotaka kuuondoa. Risasi zisipakwe chochote, kwani mafuta yanaweza kupenya mpaka kwenye fataki na kuiua.

Mfumo wa kifyatulio usiufungue mwenyewe. Springi moja ikirudishwa vibaya, bastola inaweza kujifyatua inapodondoka. Mpelekee fundi aliyeruhusiwa kisheria, ukiwa na leseni yako mkononi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia kumiliki silaha bila leseni. Mwambie pia kama unakaa bondeni au milimani, ajue aiache kavu kiasi gani.