Mbio Ndefu Moshi: Nani Anayelipia Mizunguko ya Kiwanja?

Biashara ya mbio ndefu, ambayo wakazi wengi wa Moshi huijua zaidi kwa zile Jumapili za mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi ambapo vyumba vya wageni hujaa na barabara ya Mweka hufurika watu, ina upande wa pili usioandikwa katika hesabu za mapato. Upande huo ni kiwanja: mizunguko 12 na nusu ya mita 5,000 na mizunguko 25 ya mita 10,000, ambayo wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu huikimbia si kwa tamaa ya nishani wala ya ujira, bali kwa kujiandaa na marathoni. Kwamba maandalizi hayo yana faida, walimu wa riadha hawabishani. Wanalobishana, na ambalo kwa rai yangu ndilo kiini cha tijara nzima, ni nani anayeyagharimia.

Hesabu ya faida yenyewe ni nyepesi. Rekodi ya taifa ya marathoni iliyowekwa Valencia mwezi Desemba 2022, saa mbili na dakika tatu kamili, maana yake ni sekunde 70 kwa kila mita 400, zikirudiwa zaidi ya mara 105 bila pumziko. Mwendo huo humvunja yule asiyejua kwenda kasi kuupita. Lakini aliyezoea kumaliza mita 10,000 kwa dakika 27 na nusu, yaani sekunde 66 kwa mzunguko, huziona zile sekunde 70 kuwa ni nafuu, na pumzi yake hubaki na akiba ya kilomita za mwisho. Mwalimu mmoja anayewaweka vijana wake juu migombani, karibu na msitu, na kuwateremsha mjini kwa daladala siku za mazoezi ya kasi, anashikilia kwamba kukimbia peke yako kwa saa hakutoshi, kwa sababu saa haikusukumi kiwiko wala haibadilishi mwendo ghafla katika mzunguko wa ishirini. Mashindano ya kiwanjani hufanya yote mawili, tena mahali ambapo hakuna kilima cha kusingizia.

Wala jambo hili si geni. Huko Helsinki mwaka 1952 askari mmoja wa Czechoslovakia alitwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000, kisha akaongeza ya marathoni katika michezo ile ile. Na mwaka 2024 mjini Paris bibi mmoja wa Uholanzi, mzaliwa wa Ethiopia, alichukua nishani za shaba katika masafa hayo mawili ya kiwanjani na kuhitimisha kwa dhahabu ya marathoni. Watanzania nao hawakuwa wanafunzi wa nyuma katika somo hili. Aliyeleta nishani ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980 ndiye aliyeshinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988. Na yule aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978 alirudi Brisbane mwaka 1982 akachukua dhahabu ya mita 10,000, ijapokuwa siku chache baadaye, alipojaribu na marathoni, miguu ilimwishia akawa wa sita. Habari hiyo ya Brisbane walimu huitaja hadi leo wanapotaka kuonya kwamba kiwanja ni dawa yenye kipimo.

Malalamiko mazito kupita yote, hata hivyo, hayatoki kwa walimu wala kwa wakimbiaji. Yanatoka kwa mfanyabiashara mmoja wa viatu vya mitumba katika soko la Memorial, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa wadaiwa wake wa leo ndio wateja wake wa kesho. Yeye hununua belo la viatu bila kulifungua, kwa bahati tu, na anasema kwamba katika belo zima yumkini asipate hata jozi moja ya viatu vya misumari vya kiwanjani. Ikitokea akapata, aghalabu misumari yenyewe imekwisha kung'oka, ikambidi aitafute mingine kwa mafundi, aitie ndani ya kibiriti kitupu na kukifunga kwa mpira pamoja na jozi yake, ili mteja asije akarudi na kisingizio. Mteja huyo ni kijana aliyekuja kutoka Mbulu au Singida, au ni wa huku huku Kibosho na Machame, naye hana kitu mkononi. Hukichukua kiatu mali kauli, kwa ahadi ya kulipa baada ya mbio.

Kwa kiatu cha barabarani ahadi hiyo ina uzito, maadamu mbio za barabarani, hata zile ndogo za wilayani, huwapa chochote wachache wa mbele. Kwa kiatu cha misumari, asema mfanyabiashara huyu, ahadi ni hewa: mbio anazokwenda kukimbia kijana hazina zawadi, au zina cheti na nauli ya kurudia, na kijana mwenyewe hukiri kwamba anakwenda kufanya mazoezi. Kwa hiyo deni hungoja marathoni iliyo miezi minne au mitano mbele, ng'ambo, ikiwa viza itatoka, ikiwa goti halitauma, ikiwa wakala atamwona. Na pindi yote hayo yakitimia, wakala hukata fungu lake kwa mujibu wa mkataba, kodi ya nchi ya ugenini hukatwa kabla ya fedha kusafiri, na daftari la soko la Memorial halimo katika mkataba wowote. Halimo pia la mama lishe aliyempa mtori asubuhi kwa asubuhi, wala la mwenye chumba. Mkulima wa kahawa naye hungoja miaka mitatu hivi kabla ya mche kumpa mavuno, lakini mche huo umo ndani ya kihamba chake mwenyewe; huyu amepanda katika shamba la mwenzake.

Nimejaribu kuyapima madai yake kwa tarakimu zinazojulikana. Zawadi ya mshindi wa pili wa Boston mwaka 2023, aliyekuwa Mtanzania, ilikuwa dola 75,000. Tukichukua kodi ya Marekani ya asilimia 30, ambayo kwa kawaida huzuiwa kwa mgeni, na fungu la wakala, ambalo aghalabu ni asilimia 15, zinabaki dola 41,250. Ni fedha nyingi, na hakuna atakayesema sivyo. Lakini ni mavuno ya mtu mmoja kati ya mamia waliozunguka kiwanja cha udongo miaka ile ile kwa viatu vya mkopo. Mikutano mikubwa ya Ulaya, ambayo ingeweza kuwalipa kwa kukimbia kiwanjani, mara nyingi haina mita 10,000 katika ratiba zake. Ndiyo maana umbali huo umegeuka kuwa darasa lisilo na mshahara, na mwenye kipaji huupita haraka kwenda barabarani.

Ofisa mmoja wa mkoa, ambaye naye hakupenda kutajwa, aliniambia kwamba hali ni njema, na ushahidi wake wote ulikuwa tarakimu moja aliyoirudia mara kwa mara: washiriki zaidi ya 10,000 katika mbio za Moshi. Tarakimu hiyo hutangazwa kila mwaka na sina sababu ya kuikana. Lakini ndani yake wamo wale wa kilomita tano waliokuja kwa furaha na kupiga picha, wamo wakazi wa mjini, na wamo wenyeji walioko Dar es Salaam na Arusha ambao hulala kwa wazazi wao Marangu na Rombo bila kulipia kitanda. Hesabu ya miguu haiwi hesabu ya vitanda, seuze ya shilingi. Tena washindi wengi wa mbio hizo wamekuwa Wakenya, ambao huvuka Holili au Namanga na kurudi na milioni zao chache za zawadi, wakiwa wamezoezwa kwingine, kwa gharama za wengine. Nilipouliza ni wangapi kati ya hao elfu kumi wamewahi kukimbia mita 10,000 kiwanjani, nilijibiwa kwamba mpango wa kuendeleza viwanja upo. Mipango ya namna hiyo imesikika kaskazini kwa muda mrefu, na vijana wengi wangali wanaendesha mizunguko yao katika vumbi, na mvua za masika zikianza, katika tope.

Mustakabali wa biashara hii hauko dhahiri. Marathoni za vuli, Berlin mwezi Septemba, Chicago Oktoba, New York Novemba na Valencia Desemba, huacha nafasi nzuri ya kukimbia kiwanjani kati ya Mei na Julai, na mawakala wenye busara wameanza, kwa mujibu wa mwalimu niliyemtaja, kuwataka wakimbiaji wao waonyeshe muda wa mita 10,000 kabla ya kuwatafutia nafasi. Huenda jambo hilo likawalazimisha wagharimie sehemu ya maandalizi. Huenda pia likamwongezea kijana sharti jingine la kulitimiza kwa mkopo. Viatu vipya vyenye bamba la kaboni, ambavyo ng'ambo huuzwa zaidi ya dola 250, vimezidisha pengo, kwani vikifika mitumba povu lake limekwisha nguvu.

Mwenye duka la Memorial hangoji wakala wala mpango wa mkoa. Viatu vya barabarani angali akivitoa mali kauli kwa anayemfahamu. Vya misumari sasa anataka nusu ya bei kwanza, na mwalimu anasema wawili kati ya vijana wake wameahirisha kiwanja msimu huu na kujiandikisha moja kwa moja katika nusu marathoni.