Mteja Anayelalamika Ana Faida Gani kwa Biashara Yako?

Mama mmoja anayeuza chapo na madondo karibu na steji ya matatu hapa Nairobi alitusimulia kisa ambacho tumeona tusikae nacho peke yetu. Ukiwa unapokea malipo kwa simu, kiwe ni kibanda, saluni au gereji, kisa hiki kinakuhusu.

Mama huyu aliuza kwa pesa taslimu kwa miaka mingi. Wateja walipoanza kumwambia "sina kesh, nina simu tu," alimwomba mpwa wake amsaidie kupata nambari ya tili. Mpwa alikuwa na haraka. Akampa nambari ambayo tayari alikuwa nayo, iliyosajiliwa kwa jina la duka lake la kuuza simu na chaja. Pesa zilikuwa zinaingia, na mpwa alikuwa mwaminifu, kila jioni anamtumia mama hesabu yake. Hakuna aliyeona shida hapo.

Shida ilikuwa kwa upande wa mteja. Umekula sahani ya Sh100, unaingiza nambari uliyoiona kwenye kadibodi, halafu kabla ya kumaliza kulipa simu inakuletea jina la duka la simu. Utafanya nini? Wengine walisita, wakatafuta noti mfukoni. Wengine walisema, "Mathe, nitakulipa kesho." Kesho yake walipita upande ule mwingine wa barabara.

Siku moja saa saba mchana, kibanda kikiwa kimejaa, kijana wa boda boda aliinua sauti: "Mathe, hii pesa naitumia nani? Hii jina si yako!"

Watu waligeuka kuangalia. Mama alisikia aibu, kisha akasikia hasira. "Kama hutaki kulipa, sema tu," akamjibu. Kijana akatoa noti ya mia, akaiweka kwenye meza, akawasha pikipiki na kuondoka.

Usiku ule mama hakulala vizuri. Asubuhi alimuuliza fundi mmoja wa mjengo, mteja wake wa siku nyingi ambaye huwa haongei sana, kama kweli hilo jina lilikuwa linasumbua watu. Fundi akamwambia, "Ni kweli, mama. Tulikuwa tunaogopa kukwambia. Wenzangu wawili walihama kwa sababu hiyo."

Wiki hiyo hiyo alifuata utaratibu, akapata tili yenye jina la biashara yake mwenyewe. Akaandika jina hilo kwa herufi kubwa chini ya nambari ili mtu alinganishe. Kijana wa boda alipopita, mama alimwita, akammiminia chai na kumwambia, "Hii ya leo ni yangu." Kijana ni mteja mpaka leo. Wale mafundi wawili hawajarudi. Walishazoea kwingine.

Kimya cha mteja si kuridhika

Tukiuliza wafanyabiashara kama wateja wao wameridhika, wengi hutuambia, "Hakuna mtu amelalamika." Mama wa chapo angetujibu hivyo hivyo kabla ya siku ile.

Lakini fikiria wewe mwenyewe ukiwa mteja. Mara ya mwisho ulipopewa chenji pungufu, au kinyozi alipoharibu nywele zako, ulisema? Mara nyingi tunanyamaza, tunalipa, na haturudi. Kulalamika kunachosha, na kwetu kunaweza kuonekana ni utovu wa adabu, hasa ukimlalamikia mtu aliyekuzidi umri. Ndiyo maana yule fundi alikaa kimya ingawa alikuwa anampenda mama na chakula chake.

Kwa hivyo mtu anayesema amejitwika kazi ambayo wengine wameikimbia. Anaweza kusema kwa ukali, mbele ya watu, saa mbaya. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Ukisubiri lalamiko lililopangwa kwa maneno matamu, utasubiri sana. Lichuje lile tusi uliache, ubaki na habari iliyo ndani yake.

Tazama pia wanachofanya

Kuna mfano mkubwa wa hapa nyumbani. Mwaka wa 2005, kabla M-Pesa haijulikani, huduma hiyo ilifanyiwa majaribio Nairobi na Thika na wateja mia kadhaa wa shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Lengo halikuwa kutumiana pesa jinsi tunavyofanya leo. Lengo lilikuwa kumsaidia mtu aliyekopa alipe mkopo wake kwa simu.

Wateja wakapewa huduma, na wakaanza kuitumia kwa njia zao. Wengine walimlipia mwenzao mkopo kwa sababu walikuwa na deni lake la kitu kingine. Wengine waliweka pesa kwenye simu upande mmoja wa safari na kuzitoa wakifika, wasitembee na kesh barabarani. Wafanyabiashara waliacha pesa humo usiku kama mtu anavyoweka kwenye kasha. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuurusha kwa jamaa zao kijijini.

Hakuna aliyeandika barua kusema, "Tafadhali badilisheni huduma yenu." Matumizi yao ndiyo yaliyosema. Waliosimamia majaribio walitazama, wakaelewa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja na ujumbe mmoja rahisi: tuma pesa nyumbani. Suala la kulipa mikopo liliwekwa kando. Yaliyofuata unayajua, maana huenda hata asubuhi hii umetumia huduma ya aina hiyo.

Funzo letu hapa ni kwamba maoni ya mteja hayatoki mdomoni tu. Mteja akisema bei yako ni ya juu lakini anarudi kila siku, miguu yake inasema kitu kingine. Na akisema "chakula ni kitamu sana" halafu humwoni mwezi mzima, pia amekupa jibu.

Kwako wewe, rekodi za malipo ni sehemu nzuri ya kutazamia. Mwisho wa wiki, fungua taarifa yako ya malipo na ujiulize mambo mawili. Saa gani malipo yamepungua ukilinganisha na wiki zilizopita? Na je, watu wanaanza kulipa kesh kuliko simu, au kinyume chake? Mama wa chapo anasema angegundua mapema kama angeona kwamba siku baada ya siku, watu waliokuwa wakilipa kwa simu mchana walikuwa wanarudi kwa noti.

Si kila neno ulifuate

Hatusemi ubadilishe biashara kila mtu akifungua mdomo. Ukifanya hivyo utauza chapo Jumatatu, pilau Jumanne, na Jumatano utafunga. Tunapendekeza utenganishe maoni namna hii:

Kwanza, yale ya kumzuia mteja kulipa au kurudi. Jina la tili halieleweki, nambari imefutika kwenye bango, chenji hakuna, foleni ni ndefu saa ya lanchi. Haya shughulikia leo, hata kama amesema mtu mmoja tu.

Pili, yale ya ladha na mapendeleo. Mmoja anataka pilipili, mwingine hataki. Andika kwenye daftari. Watu watatu tofauti wakisema jambo lile lile ndani ya muda mfupi, hapo kuna kitu cha kufikiria.

Tatu, yale ya bei. Karibu kila mteja angependa bei ishuke, hata wewe ukinunua unga unapenda hivyo. Usikimbilie kupunguza. Uliza kwanza, "Unalinganisha na wapi?" Jibu linaweza kukuonyesha kwamba shida ni kiasi unachopakua, wala si bei.

Uliza vizuri upate jibu

"Umeridhika?" ni swali ambalo Mkenya hulijibu kabla hujalimaliza: "Niko sawa, asante." Halikupi chochote.

Jaribu swali dogo linalogusa jambo moja. "Ulipolipa leo, kuna kitu kilikusumbua?" "Ungekuwa wewe ndiye mwenye hii duka, ungebadilisha nini kwanza?" Uliza mteja akiwa peke yake, wakati hana haraka, na muulize hata yule mnyamavu. Ukishajibiwa, usijitetee. Sema asante. Na ukirekebisha jambo alilosema, mwambie. Mteja akiona neno lake limefanya kazi, atakuambia lingine, na atawaambia wengine kwamba hapo wanasikiliza.

Tahadhari moja: usichukue nambari ya simu ya mteja kwa sababu tu alikulipa, uanze kumtumia matangazo na maswali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka upate ridhaa yake kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara. Muombe. Akikataa, heshimu.

Lalamiko likihusu pesa, tulia kwanza

Hapa moyo wa kumridhisha mteja unaweza kukuingiza hasara, kwa hivyo soma sehemu hii mara mbili.

Mtu akikuambia amelipa mara mbili, au amezidisha, usihakikishe kwa kuangalia SMS iliyo kwenye simu yake. SMS ni maandishi, na maandishi yanaweza kubuniwa. Angalia salio na rekodi yako mwenyewe. Kama pesa zimo kweli na mteja yuko mbele yako, msikilize, mwombe radhi na umrudishie kilicho chake.

Usiyemjua akikupigia simu akilia kwamba ametuma pesa kwa makosa, usimtumie pesa kwa mkono hata kama ziliingia kweli. Mwelekeze afuate utaratibu rasmi wa kurejesha muamala kupitia kampuni inayomhudumia. Sababu ni rahisi: ukimtumia wewe, na yeye tayari ameomba muamala urejeshwe, unaweza kupoteza mara mbili. Mtu mkweli hatakasirika kuambiwa afuate njia halali.

Na mwenye haraka ya kupita kiasi, anayekuambia usikate simu na usiulize mtu, muogope.

Na wewe ukiwa ndiye mwenye lalamiko

Mambo haya yanatuhusu na sisi. Sisi pia ni biashara, na wewe ni mteja wetu. Muamala ukikwama, ada ikikuchanganya, au wakala akikataa kukuhudumia, tuambie. Usinyamaze kama wale mafundi wawili. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inakupa haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, taarifa unazohitaji, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Kulalamika si kuomba msaada wa bure.

Ila chagua mahali pa kusemea. Watu wengi wakikasirika huandika kwenye mitandao ya kijamii na kuweka nambari ya simu hadharani. Matapeli wanapita humo humo. Wanafungua kurasa zenye nembo iliyoibwa, wanakujibu haraka kuliko kampuni yenyewe, wanakuita "mteja wetu mpendwa", kisha wanakuomba nambari ya siri ili "wakusaidie". Kwa hivyo:

Tumia mawasiliano rasmi unayoyaona kwenye programu yetu au kwenye tovuti yetu.

Taja nambari ya muamala, tarehe, saa na kiasi. Lalamiko lenye maelezo hayo hushughulikiwa haraka kuliko "pesa yangu imepotea".

Usimpe mtu yeyote PIN yako, wala nambari ya uthibitisho inayoingia kwa SMS. Hatuzihitaji kutatua shida yako. Anayeziomba si sisi.

Sasa, maoni ya wateja yanaifanya biashara ifaulu? Peke yake, hapana. Chakula kibaya hakitaokolewa na kusikiliza, na kadibodi yenye jina sahihi haiwezi kupika madondo. Lakini biashara nzuri inaweza kufa polepole kwa sababu ya kitu kidogo ambacho kila mteja anakijua isipokuwa mwenyewe. Mama wa chapo alikuwa na chakula kizuri, mahali pazuri na bei nzuri, na bado watu walikuwa wanavuka barabara.

Kwa hivyo tunakupa kazi ya leo, itakuchukua dakika mbili. Chukua simu ya mtu mwingine, jilipe shilingi kidogo kwa nambari yako mwenyewe, na uangalie jina linalotokea kabla ya kumaliza. Je, mgeni aliyekuja mara ya kwanza angelitambua? Kisha muulize mteja wako wa kwanza kesho asubuhi swali moja tu: kuna kitu hapa kinakusumbua? Akikujibu kwa ukali, mwongezee chai.