Majibizano ya Tiva: Ubongo Unaojua Kusubiri

Mkazi wa Kitale au Bungoma asikiapo mlio kama wa kengele ukitoka kichakani alfajiri, huenda akadhani ni ndege mmoja. Mara nyingi huwa ni wawili: tiva, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, pamoja na mwenziwe. Mmoja hulia, wa pili hupokea papo hapo, hata msikilizaji asitambue pa kuungia. Makala haya yanaeleza upokezano huo na kudai kwamba msingi wake si kutoa sauti tu, bali pia kuizuia.

W. H. Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwachunguza ndege hawa Afrika Mashariki, na mwaka 1965 alichapisha makala pamoja na Myles North. Ilibainika kwamba kila jozi hujijengea mitindo yake, kwamba yeyote kati ya wawili hao aweza kuanza, na kwamba mwenzi asipokuwapo, aliyebaki aweza kuimba sehemu zote mbili. Yaani, tiva huijua zamu ya mwenziwe, ila humwachia.

Ubongo humwachiaje? Jibu limetokana na ndege wengine. Mwaka 2019, Susanne Hoffmann na wenzake walirekodi seli za ubongo za kwera wenye nyusi nyeupe waliokuwa wakiimba wawili wawili porini, Afrika Kusini. Katika kiini cha ubongo kinachoongoza uimbaji, kiitwacho HVC, sauti ya mwenzi ilibadilisha mwendo wa seli za mwanzishi, na bongo mbili zikaenda sambamba. Mwaka 2020, Jonathan Benichov na Daniela Vallentin walionyesha, kwa ndege wadogo wenye asili ya Australia, kwamba seli zizuiazo nyingine katika kiini hicho ndizo zipangazo wakati wa kujibu. Kizuizi kilipolegezwa, ndege walijibu upesi zaidi.

Binadamu naye yumo. Uchunguzi wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba pengo baina ya swali na jibu ni takriban milisekunde 200, muda usiotosha kutunga jibu. Basi msikilizaji hulitunga mwenziwe angali akisema, kisha hulizuia.

Hapo pana funzo kwa wahakiki wa ngonjera. Kuhesabu vina na mizani ya kila upande hakutoshi. Yafaa pia kuuliza anafanya nini yule aliyenyamaza, kwani ukimya wake ni sehemu ya utungo.