Panya Anayeambaa na Ukuta

Aliyewahi kuweka magunia ya mahindi na maharage ndani ya nyumba, kule Murusagamba wilayani Ngara au penginepo, anamjua panya na mwendo wake. Usiku hakatizi katikati ya chumba. Huambaa na ukuta, husimama akanusa, kisha huambaa tena. Katika vizazi vingi vya panya, waliokatiza uwanjani waliliwa na paka na bundi, na walioambaa ndio waliozaa.

Tabia hiyo ndiyo iliyowapa wanasayansi kipimo cha wasiwasi. Mwaka 1985 Sandra File na wenzake walichapisha uthibitisho wa kifaa chenye umbo la msalaba, kilichoinuliwa sentimita 50 kutoka sakafuni. Mikono yake miwili ina kuta, miwili haina. Panya huwekwa katikati na kuachwa dakika 5, huku mtafiti akihesabu muda anaothubutu kukaa kwenye mikono ya wazi. Akipewa daizepamu, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wenye wasiwasi, hutoka zaidi. Bila shaka kifaa hicho hakisemi panya anajisikiaje moyoni. Kinasema anakwenda wapi, basi.

Sasa tuje kwenye umeme, ambao wanasayansi huupitisha kwenye ubongo ili kuwasha au kuzima hofu. Msomaji asifikirie mitambo ya umeme ya Rusumo na megawati zake 80. Mkondo unaopitishwa kwenye ubongo wa panya hupimwa kwa sehemu za milioni za ampea, kupitia waya mwembamba kuliko sindano ya kushonea. Hata hivyo, kiasi hicho kidogo kinatosha kuleta hofu pasipo na adui. Huko Zurich, Walter Hess aliwachokoa paka kwa umeme ndani kabisa ya ubongo wakapinda mgongo na kunguruma kwa hasira, na hakuna mbwa aliyekuwapo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Baadaye ikaonekana kwamba panya akichokolewa katikati ya shina la ubongo hukimbia na kurukaruka kama aliyevamiwa.

Kuwasha hofu, basi, si kazi ngumu. Kazi ni kuizima.

Hapo ndipo linapoingia jina la Gregory Quirk, aliyefanya kazi yake Puerto Rico. Panya wake walisikia mlio, kisha wakapata mshtuko mdogo miguuni, na baada ya kurudiarudia, mlio peke yake uliwafanya wagande palepale. Halafu mlio ukaendelea bila mshtuko, na taratibu wakaacha kuganda. Wengi wetu tungesema wamesahau. Hawakusahau: kumbukumbu ya hatari inabaki, ila juu yake panya amejifunza jambo jipya, kwamba mlio huu sasa ni salama. Mwaka 2002 Quirk na Mohammed Milad walionyesha kwamba seli za eneo dogo la mbele ya ubongo huamka pale panya anapokumbuka usalama huo. Walipolichokoa eneo hilo kwa umeme, sambamba na mlio, kwa panya ambao hawakuwa wamefundishwa usalama wowote, nao waliganda kidogo kuliko wenzao.

Mahali pa kuchokoa ndiyo habari yenyewe. Mwaka 2006 maabara hiyohiyo ilichokoa eneo jirani, juu kidogo tu ya lile la kwanza, na panya wakaganda zaidi. Mwaka 2012 wakajaribu sehemu ya ndani zaidi ya ubongo, wakiipitishia umeme mfululizo wakati panya wakijifunza usalama: waya ukiwa upande wa juu wa sehemu hiyo, somo lilikaa vizuri zaidi hata kesho yake, ukiwa upande wa chini, somo liliharibika. Kwa hiyo anayesema “umeme hupunguza wasiwasi” bado hajasema kitu. Umeme wa wapi, na wakati gani?

Kwa nini haya yamguse mtu wa Ngara? Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na upande wa Murusagamba mpaka ni wa Burundi, ambako nako watu walikimbia vita. Kwa wengi wa namna hiyo hatari hupita lakini mwili hauamini. Mlango ukipigwa kwa nguvu, mtu huganda.

Waya kwenye ubongo wa binadamu upo: hutumika kwa ugonjwa wa Parkinson, na tangu 2009 Marekani imeuruhusu, kwa masharti, kwa wagonjwa sugu wenye mawazo ya kujirudia wasiyoweza kuyazuia. Kwa hofu ya vita bado ni majaribio. Lakini katika makazi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwasikiliza wakimbizi wenzao, katika utafiti uliohusisha Wanyarwanda na Wasomali 277. Katika mojawapo ya njia walizolinganisha, mtu alisimulia maisha yake kwa mpangilio, akienda polepole alipofika penye tukio baya zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: takriban 70 katika kila 100 waliosimulia hivyo hawakuhesabika tena kuwa na maradhi ya hofu hiyo ya vita, ilhali kati ya waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37 katika kila 100. Msimulizi naye alikuwa akisikia mlio bila mshtuko.

Nadhani ndiyo sababu majaribio ya Puerto Rico hayatoi tumaini la mashine inayofuta hofu mtu akiwa amelala. Umeme uliwasaidia panya pale tu walipokuwa wakiusikia mlio uleule waliouogopa.