Kabla ya kuamini mashine ya sukari, nawa mikono

CHUKUA mfano huu. Mama mmoja anayeishi mtaa wa Nyanchwa, mjini Kisii, anaugua kisukari na hujidunga insulini. Jioni ametoka sokoni Daraja Mbili na ndizi mbivu. Anawamenyea wajukuu, anapangusa vidole kwa leso, kisha anatoa mashine yake ya kupimia sukari na kudunga kidole. Mashine inaonyesha 15.2. Anashtuka, anajidunga insulini zaidi ya kawaida na kwenda kulala.

Usiku wa manane wajukuu wanamkuta akitetemeka, jasho limemlowesha na akiitwa haitiki. Sukari ya mama huyo haikuwa imefika 15.2 hata kidogo. Mashine ilipima pia sukari ya ndizi iliyobaki kwenye ncha ya kidole.

Mfano huo ni wa kutunga, lakini kosa lenyewe ni la kweli na hutendeka kila siku. Mwaka wa 2011 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo watu wenye sukari ya kawaida walimenya matunda kama machungwa na zabibu, kisha wakapimwa. Wale ambao hawakunawa walionekana kama wagonjwa wa kisukari. Hata kupangusa kidole mara 5 kwa pamba yenye spiriti hakukutosha. Walionawa kwa maji ya mfereji ndio waliopata kipimo sahihi.

Je, mashine hiyo hufanya kazi vipi hata idanganywe na ndizi?

Maabara ndogo mkononi

Siri iko katika kile kipande chembamba cha plastiki ambacho wengi hukiita stripu. Ndani yake mna vijistari vya madini vinavyopitisha umeme, na juu yake pamepakwa kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali. Tone la damu likigusa ncha ya stripu, huvutwa ndani. Kimeng'enya huishika sukari na kuinyang'anya elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme. Mashine hupima umeme huo mdogo sana kwa sekunde chache. Sukari ikiwa nyingi, umeme nao huwa mwingi.

Wazo la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilielezwa mwaka wa 1962 na Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani. Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia umeme kwa njia hiyo, yenye umbo la kalamu, ilianza kuuzwa mwaka wa 1987. Vile vifaa vya kisasa vinavyobandikwa mkononi kwa siku kadhaa hufuata kanuni iyo hiyo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mashine haijui sukari imetoka wapi. Kazi yake ni kuhesabu umeme. Lolote linaloongeza au kupunguza umeme huo hubadilisha kipimo.

Stripu huharibika

Kimeng'enya ni protini, na kama maziwa au nyama, huharibika kwa joto na unyevu. Kisii ni nyanda za juu zenye mvua karibu mwaka mzima, kwa hivyo unyevu ndio adui mkubwa. Kopo la stripu limetengenezwa kwa kitu kinachofyonza unyevu. Ukiliacha wazi, au ukihamishia stripu kwenye karatasi, umeziharibu hata kama tarehe yake haijapita.

Stripu nyingi huhifadhiwa kwenye nyuzijoto zisizozidi 30. Usiziweke karibu na jiko, dirishani penye jua wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Usiziweke pia kwenye friji, kwa maana zikitolewa hushika umande.

Aina nyingi zina tarehe mbili. Moja imeandikwa kwenye kopo. Nyingine huanza kuhesabiwa siku unapolifungua, nayo kwa aina nyingi ni miezi 3 au 6. Andika kwa kalamu siku uliyolifungua.

Tunajua stripu ni ghali na si wote wanaomudu kununua kopo zima. Hata hivyo, epuka kununua moja moja zilizotolewa kwenye kopo lao. Zamani kulikuwa na stripu za kubadilika rangi ambazo watu walizikata katikati ili kuokoa pesa. Hizi za umeme hazikatwi; ukikata umevunja njia ya umeme. Aidha, tumia stripu za mashine yako pekee. Ni afadhali kupima mara chache kwa stripu nzuri kuliko kupima kila siku kwa stripu mbovu.

Mashine kutoka ng'ambo

Familia nyingi za Kisii zina jamaa Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota, na mashine ya sukari ni zawadi ya kawaida kwa wazazi. Lakini mashine za huko huhesabu kwa miligramu, ilhali hospitali zetu hutumia milimoli. Mzee aliyezoea kuona 7 akiona 126 anaweza kuzirai kwa hofu, kumbe ni kiasi kile kile. Gawanya kwa 18 nambari ya mashine ya Marekani, utapata ya hapa. Kabla ya kuipokea zawadi hiyo, uliza pia kama stripu zake zinapatikana hapa nchini.

Damu yenyewe

Wakati mwingine kila kitu ni safi na bado kipimo si sahihi. Mtu aliyepungukiwa na damu, kwa mfano baada ya malaria kali, anaweza kuonekana ana sukari nyingi kuliko alivyo. Aliyeishiwa na maji mwilini kwa kutapika au kuhara naye asitegemee kidole pekee, aende hospitalini.

Dawa pia huingilia. Mwaka wa 2009 idara inayosimamia chakula na dawa nchini Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea ripoti za vifo 13 vilivyotokea tangu 1997. Wagonjwa hao, wengi wao wa figo, walikuwa wamepewa maji ya tiba yenye sukari ya aina nyingine. Aina fulani ya stripu ilishindwa kuitofautisha na sukari ya damu, ikaonyesha nambari za juu, na wagonjwa wakapewa insulini wasiyoihitaji. Ikiwa unasafishwa figo kupitia tumbo, mwulize daktari kama stripu zako zinafaa.

Kagua mashine yako

Maabara nzuri hukagua mashine zake kabla ya kupima wagonjwa. Wewe nawe unaweza. Kuna maji maalumu ya kukagulia ambayo kiasi chake cha sukari kinajulikana. Weka tone lake kwenye stripu na ulinganishe na nambari zilizochapishwa kwenye kopo. Fanya hivyo unapofungua kopo jipya, mashine ikianguka, au kipimo kisipolingana na unavyohisi.

Njia nyingine ni kubeba mashine yako unapokwenda kupimwa damu hospitalini. Jipime kabla ya kula, papo hapo damu ya maabara inapotolewa. Usitarajie nambari zilingane kabisa. Kanuni za kimataifa za mwaka wa 2013 zinaruhusu tofauti ya asilimia 15 sukari inapofika 5.6 au zaidi. Maabara ikisema 10, mashine inaweza kusema kati ya 8.5 na 11.5 na bado ikawa nzima. Damu ya maabara nayo isikae kwenye chupa isiyo na dawa ya kuihifadhi, kwa sababu chembe za damu huendelea kuila sukari.

Mambo ya kuzingatia

• Nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha ikauke kabisa. Kama hakuna maji, futa tone la kwanza na upime la pili.

• Usikamue kidole kwa nguvu. Ining'inize mikono kwanza ili damu ishuke.

• Funga kopo mara tu unapotoa stripu.

• Nambari ikikushangaza, nawa tena na upime kidole kingine kabla ya kuongeza insulini.

• Ukitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, usiishikilie mashine. Kunywa maji yenye vijiko 3 vidogo vya sukari, kisha pima baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitalini.

• Nambari moja ya nyumbani haitoshi kusema una kisukari au umepona. Thibitisha katika maabara.

Mama wa mfano wetu hakuhitaji mashine ghali zaidi. Beseni la maji na sabuni, na dakika mbili za kupima tena, vingetosha kumwepusha na usiku ule.